Siku Tisa za Tableti ya Mama Mkwe

Kazini walimwita Mnyoofu, na jina hilo alilipata kwa haki. Alikuwa fundi wa mitandao, mtu wa kuunganisha intaneti kwenye maofisi na maghala, na hakuna aliyemshinda kwa kulaza kebo. Zake zilikwenda sambamba ukutani kama mistari ya daftari, kila moja na kibandiko chake, kila kona imepindwa taratibu. Akikuta mwenzake ameipitisha kebo chini ya zulia, hakugomba. Aliing'oa yote akaanza upya, huku mwenye kosa amesimama pembeni anajikuna shingo.

Nyumbani kwake mambo yalikuwa mengine. Nyumba yao ilikuwa nyembamba na ndefu: sebule mbele, kisha ujia, stoo katikati, na vyumba vya kulala nyuma kabisa. Ruta ilikaa sebuleni. Kwa kuwa mawimbi yake hayakufika nyuma, Mnyoofu alikuwa ameweka kisanduku cha pili cha waifai juu ya kabati la chumbani, akakiunganisha na ruta kwa kebo inayopita stoo. Aliiweka wiki waliyohamia, harakaharaka, akisema ni ya muda tu. Muda huo ulikuwa umefika miaka mitatu.

Huko nyuma ndiko mkewe alikofanyia kazi. Alikuwa mwalimu wa hesabu, na kila mchana, kuanzia saa nane, aliketi mbele ya kompyuta akafundisha watoto walio mbali kwa njia ya video. Siku nyingine vipindi vilikwenda kama maji. Siku nyingine aliganda katikati ya sentensi, mdomo wazi, na watoto wakamcheka hadi wakachoka.

"Leo nimeganda mara saba," alimwambia mumewe jioni moja. "Mara saba, mume wangu. Kuna mtoto kaniambia, 'Mwalimu, ukiganda unafanana na samaki.'"

"Ni kampuni hiyo ya intaneti. Mchana watumiaji ni wengi."

"Jana mchana haukuwa mchana? Jana ilikuwa safi."

"Nitaiangalia."

"Umeanza kuiangalia tangu kabla ya mvua."

Alicheka, akavua viatu, akajinyoosha kwenye kochi. Mtu aliyeshinda siku nzima juu ya ngazi, kichwa ndani ya dari za watu, akifika kwake hataki kuona waya. Hivyo ndivyo alivyojitetea moyoni.

Mtu wa tatu wa nyumba ile alikuwa mama mkwe wake. Alihamia kwao mwaka uliotangulia, baada ya kuanguka na kuvunjika nyonga. Kwa miaka thelathini alishona sare za shule, na hata sasa, akitembea kwa fremu yake ya chuma, macho yake yalikwenda moja kwa moja kwenye pindo la nguo ya mtu. Alikuwa mama wa maneno machache. Simu yake ilikuwa ya vitufe. Lakini alikuwa na tableti aliyonunuliwa na mwanawe, na kila mchana alijifungia nayo chumbani hadi jua likaribie kuzama. Hakuna aliyemuuliza alikuwa anatazama nini. Mnyoofu alidhani ni tamthilia, zile za kulia na kugombea wanaume.

Basi Ijumaa moja, mkewe alipotoka chumbani na macho mekundu kwa sababu kipindi kizima kimekatika, Mnyoofu alichukua simu yake akafungua ukurasa wa ruta, ule unaoonyesha kila kifaa kilichounganishwa na kiasi kinachotumia. Juu kabisa ilikuwa tableti ya mama. Saa mbili, saa tatu mfululizo, kila mchana, video tupu. Akajiambia amempata mchawi wake.

Fundi mzuri angepima kwanza. Yeye mwenyewe aliwafundisha vijana wa kazini hivyo: pima, hamisha, pima tena, usimshuku mtu kabla hujaushuku waya wako. Lakini alikuwa amechoka, na jibu lilikuwa pale mbele yake likimng'alia. Swali likawa ni namna ya kusema. Unamwambiaje mama mkwe apunguze tamthilia? Utaanzia wapi? Akawaza sura itakayomshuka, akawaza mkewe akilaumiwa kwa kuolewa na mtu asiye na adabu. Kidole chake kikamaliza maneno yote hayo. Kwenye ukurasa ule palikuwa na sehemu ya kufunga kifaa kwa saa maalumu. Akaifunga tableti, kuanzia saa nane mchana hadi saa kumi na mbili jioni, kila siku. Hakumwambia mtu. Alijisifu hata, kwamba ameyamaliza kwa heshima.

Jumatano iliyofuata, alipokuwa ananawa mikono baada ya kazi, alisikia fremu ikigonga sakafu taratibu kuja upande wake.

"Baba, samahani, nakusumbua na umetoka kazini," mama mkwe alisema. Tableti aliibana kwapani. "Kidude hiki kimeniugulia. Asubuhi kizima, usiku kizima. Ikifika saa nane tu, kinakata roho."

Mnyoofu aliipokea. Akakaa, akaigeuza nyuma na mbele, akafungua mipangilio, akaifunga, akafuta kioo kwa ncha ya shati. Aliigiza dakika tano nzima, na mama amesimama anamwangalia kwa imani, kama mgonjwa anavyomwangalia daktari.

"Kimezeekazeeka, Mama. Mchana kinachoka, na joto hili."

"Hakiwezi kupata nguvu walau nusu saa? Saa kumi hivi?"

"Nitakiangalia vizuri mwisho wa wiki."

"Haya, baba. Mungu akuweke."

Alibaki amesimama kidogo, kana kwamba kuna neno lililobaki mdomoni. Kisha akageuza fremu yake akarudi chumbani. Mnyoofu alijisikia vibaya, lakini vibaya kidogo tu, kama mtu aliyepita kwenye foleni bila kuonekana.

Jambo ambalo lingepaswa kumshtua ni kwamba waifai haikupona. Tableti ilikuwa imefungwa, na bado mkewe aliganda. Alhamisi alitoka chumbani akasema, "Leo nimefundisha ukuta." Shule iliyomwajiri ikamwandikia kwamba wazazi wamelalamika, na malalamiko mengine yakija vipindi vyake atapewa mwalimu mwingine. Alimsomea mumewe barua hiyo bila kupandisha sauti, na hapo Mnyoofu akaona mchezo umekwisha.

Jumamosi aliamka akaifanya kazi kama kazi. Alianza kwenye ruta: akachomeka kompyuta kwa kebo fupi, akapima. Kasi ilikuwa kamili, hakuna kilichopungua. Kwa hiyo kampuni aliyoisingizia miezi yote ile haikuwa na kosa. Akaenda chumba kwa chumba. Mbele safi. Nyuma, akipima mara hii safi, mara hii hovyo. Akamwomba mkewe akae na kompyuta chumbani na kumpigia kelele kila namba ikibadilika, naye akaanza kuifuata kebo kutoka sebuleni.

"Sasa?"

"Nzuri!"

Akaingia stoo, kati ya ndoo na masanduku. Kebo ilikuwa imepita chini ya mlango, ikajificha nyuma yake. Ili aione, akauvuta mlango ukafungika.

"Imekufa!" mkewe alipaza sauti.

Akaufungua.

"Imerudi!"

Akaufunga.

"Imekufa tena! Unafanya nini huko?"

Mnyoofu alisimama kwenye giza la stoo na mkono wake kwenye kitasa. Akapiga magoti, akawasha tochi ya simu. Kebo ilikuwa imebanwa kati ya mlango na fremu kiasi kwamba ilikuwa bapa kama utepe. Ganda lilikuwa limechubuka na nyaya nyembamba za shaba zilikuwa zinang'aa. Mtu akichukua ufagio akaacha mlango wazi, intaneti ilikuwepo. Akiufunga kwa adabu, nyaya ziliachana. Ndiyo maana siku zilitofautiana. Kebo hiyo, isiyo na kibandiko hata kimoja, ilikuwa ya mkono wake. Kama angeikuta kwa fundi mwingine, angemhurumia mteja.

"Umeona nini?" mkewe alikuwa amefika mlangoni.

"Kebo imeumia."

"Nani kaipitisha hapo?"

"Ni ya zamani."

"Sikukuuliza umri wake," mkewe alisema, lakini alikuwa anacheka, na kicheko hicho kilimwokoa.

Alitoboa ukuta juu ya mlango, akapitisha kebo mpya, akaibana kila shubiri, akabandika vibandiko. Ilipofika saa tisa mchana kila chumba kilikuwa sawa na sebule. Mkewe alimpigia rafiki yake video, wakaongea robo saa bila kukatika, akampigia mumewe makofi. Hapo ndipo alipoikumbuka tableti. Akasema moyoni atanawa kwanza, kisha aifungue, na mama hatajua kama iliwahi kufungwa.

Simu ya mkewe ikaita. Namba ilikuwa ngeni.

"Dada," ilisema sauti ya mwanamke, nzito, "ni mimi, wa kwa mama mdogo."

Hapa inabidi nieleze. Mama mkwe alikuwa na mdogo wake mmoja tu, na walikuwa hawajazungumza miaka kumi na moja. Waligombana msibani kwa mama yao, kwa neno lililosemwa mbele ya watu, na tangu siku hiyo mama alimkataza mwanawe kutia mguu kwa mama mdogo wala kupokea simu yake. Kwa hiyo mkewe Mnyoofu alipoisikia sauti ile alikaa kitandani kwanza.

"Mama ametutoka, dada. Leo alfajiri."

Mkewe alishika mdomo. Alisema pole, akauliza alikuwa anaumwa nini. Yule binti, ambaye alikuwa muuza viatu dukani, alieleza kwamba mama yake alipooza miezi minne iliyopita. Ulimi ulikufa, upande mmoja ukafa, ubongo ukabaki mzima. Halafu akasema:

"Nilitaka kumuuliza mama mkubwa, kama si vibaya. Tulimkosea nini?"

"Unamaanisha nini?"

"Alikuwa anapiga kila siku. Mimi natoka dukani saa nane, nikifika tu naegemeza simu kwenye mto, wanatazamana. Mama hawezi kusema, lakini mama mkubwa anamsimulia, wanakaa hadi jioni, dawa zimlaze mpaka asubuhi; na asubuhi simu naondoka nayo. Sasa wiki hii yote hakupiga video; mara moja tu alipiga kwa sauti, akakata bila kueleza. Tukipiga sisi, haipatikani. Mama akawa anaielekeza simu kwa jicho. Nikiiondoa, analia. Nikamwambia mtandao mbovu, dada. Lakini aliniangalia tu."

Sauti ya simu ilikuwa juu, na mlango ulikuwa wazi. Mama mkwe alikuwa ameshafika ujiani na fremu yake. Hakuna aliyemwona akifika.

"Mama," mkewe Mnyoofu alisema, "mlipatana?"

"Tulipatana." Alisema bila kumtazama mtu. "Niliona haya kukwambia. Miaka yote nimekukataza, halafu nije niseme nini? Nikasema akipata nafuu nitakwambia." Akanyoosha mkono akaiomba simu. "Mwanangu, sikuacha kupiga. Kidude kilikufa. Nilijaribu kwa simu yangu ndogo, ukaniwekea mama yako, nikasikia pumzi tu. Nikahisi namtesa, ananisikia na hanioni. Nikangoja kidude kitengenezwe. Kilikuwa kitengenezwe leo."

Mnyoofu alikuwa amesimama na koleo mkononi. Aliingia chooni, akafunga mlango, akaketi kwenye ukingo wa beseni la kuogea, akaufungua ukurasa wa ruta na kuifuta ile amri. Aliifuta upesi, kama mwizi anayefuta nyayo, na alipoona imefutika, hakuna alama iliyobaki, ndipo alipoanza kuhesabu. Siku tisa. Nusu saa, mama alikuwa ameomba. Saa kumi hivi.

Mazishi yalikuwa Jumatatu. Kwa nyonga yake mama asingeweza safari ile ya siku nzima kwa haraka namna hiyo, kwa hiyo walimwekea tableti mezani sebuleni, na majirani wakaja kukaa naye. Picha ilikuja safi. Udongo ulionekana, viatu vya watu vilionekana, hata sauti ya sepetu ilisikika. Haikukatika hata mara moja. Ilipokwisha, mama alifuta macho kwa ncha ya khanga, akageuka mbele ya wageni wote.

"Mkwe wangu huyu," alisema, "ndiye aliyenitengenezea. Bila yeye nisingemzika mdogo wangu. Mungu ambarikie mikono yake."

Jirani mmoja akaitikia kwamba si kila mtu anapata mkwe wa namna hiyo. Mwingine akamshika bega. Mnyoofu aliangalia sakafu. Alitamani mtu amtukane. Mkewe alidhani ni majonzi, akamletea maji.

Alijikaza siku mbili zaidi. Alikuwa na kila sababu ya kunyamaza, na zote zilikuwa nzuri: mama ni mgonjwa, kumwambia ni kumwongezea, marehemu hatarudi. Alizipanga kichwani mwake safi kama kebo zake. Kilichomshinda ni kwamba mama alianza kumwekea chakula kikubwa, kwa mkono wake mwenyewe, akiwa ameshika fremu kwa mkono wa pili.

Alhamisi, mkewe akiwa kwenye kipindi, alibisha hodi chumbani kwa mama. Akaingia, akakaa sakafuni.

"Mama, tableti yako haikuwa mbovu."

"Ilikuwa nini?"

"Mimi ndiye niliyeifunga."

Mama mkwe alimtazama kama mtu ambaye hajasikia vizuri.

"Ulinitengenezea."

"Hapana, Mama. Niliifunga kwa makusudi, kuanzia saa nane hadi jioni. Nilidhani unatazama tamthilia, unamharibia Mwalimu vipindi. Ukaniletea, nikajua, nikakudanganya kwamba imezeeka. Na kosa halikuwa lako hata kidogo. Ilikuwa kebo yangu mlangoni."

Upande wa pili wa ukuta Mwalimu alisikika akieleza sehemu ya nane ya ishirini na nne.

"Uliifungia wapi?" mama aliuliza mwishoni. "Nionyeshe."

Alitoa simu, akamwonyesha orodha ya vifaa. Mama alisogeza uso karibu, akafuata mistari kwa kidole cha mshonaji, kilichojaa alama za sindano.

"Huyu ndiye mimi?"

"Ndiyo, Mama."

"Na hapa unabonyeza tu."

"Ndiyo."

"Mimi nilikuwa nyuma ya ukuta huu, baba. Hatua nane. Ungesema, 'Mama, pisha kidogo, mwanao anafundisha.' Ungeona kama nina kiburi."

"Niliona haya kukwambia, Mama."

"Uliona haya," alirudia. Akairudisha simu, akageukia dirishani. Kisha akasema, "Mwambie mkeo mwenyewe. Mimi sitamwambia. Na sasa toka, tafadhali."

Alimwambia mkewe jioni ile ile. Mkewe hakupiga kelele. Alimsikiliza mpaka mwisho, akachukua mto wake na shuka, akaenda kulala kwa mama yake, na akalala huko wiki tatu. Mchana alifundisha bila kuganda. Mezani alimpa mumewe chumvi akiomba chumvi. Siku moja tu alisema jambo: "Kinachoniuma si kuifunga. Ni zile dakika tano ulizokaa unaifutafuta kwa shati."

Mama mkwe hakubadilisha salamu. Aliendelea kumwita baba, aliendelea kumwombea asubuhi akitoka. Lakini chakula alirudi kumwachia mwanawe apakue, na tableti ikisumbua alimpelekea jirani.

Mwezi wa tatu baada ya mazishi, mguu ukiwa na nguvu kidogo, mama alisema anataka kwenda kuliona kaburi. Mkewe hakuweza kuacha vipindi. Mnyoofu akaomba ruhusa kazini, akasema atampeleka yeye. Wote wawili walimtazama. Mama akasema, "Haya."

Walisafiri kutwa nzima kwenye basi. Alimshusha kila kituo ili anyooshe mguu, akambebea fremu, akamshikia mlango wa choo na kusubiri nje na mkoba wa kike begani. Walizungumza habari za viti na za vumbi. Kaburini alisimama mbali, akamwacha mama peke yake hadi alipomwita kwa mkono.

Yule binti muuza viatu aliwapokea kwa furaha. Aliwaonyesha chumba, kitanda kilichokwisha kutandikwa upya, mto ulioegemezewa simu. Alimshika Mnyoofu mikono yote miwili, akamshukuru kwa ajili ya siku ile ya mazishi, kwamba mama mkubwa aliona yote. Mama mkwe alikuwa ameketi kwenye ukingo wa kitanda, anakunja pindo la shuka na kulikunjua.

Mnyoofu alielewa kwamba hapo tena hakuna atakayemsemea.

"Shemeji," alisema, "naomba ukae."

Akamwambia. Alimwambia kwa kifupi, bila kujieleza, bila kutaja kuchoka wala heshima. Binti alisikiliza, na kadiri alivyosikiliza mikono yake iliiachia ile ya Mnyoofu, kidole kwa kidole. Alipomaliza, binti aliinuka akatoka nje. Walimsikia uani, maji yakimwagika kwenye ndoo, kisha kimya, kisha maji tena. Mama mkwe aliangalia mlango. Mnyoofu aliangalia miguu yake.

Alirudi baada ya muda mrefu, uso umeoshwa, macho yamevimba. Alikuwa amebeba sinia. Aliliweka mezani, akaweka sahani tatu, akasogeza viti.

"Mmetoka mbali," alisema. "Kuleni."

Mama mkwe alisogea mezani. Mnyoofu hakuwa na njaa, lakini aliona kwamba kukataa kungekuwa kosa lingine. Akanawa, akakaa kwenye kiti alichoonyeshwa, akala chote alichopakuliwa, macho kwenye sahani.